Kompyuta Zenu Hazijui Daktari ni Nani

Dkt. Haji Swaibu Sulaimani,
Bugolobi, Kampala.

Kwa Bi Loice, Msimamizi wa Kompyuta,
Kituo cha Utafiti, Nakawa.

Bi Loice mheshimiwa,

Habari za kazi? Za kwangu ni mbaya, na sababu ni foleni ya kompyuta zenu.

Jumatatu niliandika skripti ya Python, yaani maagizo ya kompyuta, mimi mwenyewe, ili kompyuta zenu zikadirie kina cha ziwa pale Port Bell. Kesho Ijumaa naingia redioni kuwathibitishia wafanyabiashara kwamba maghala yao yatafurika maji. Mpaka sasa kazi yangu imeandikwa "inasubiri". Malalamiko yangu ni haya:

1. Niliomba kompyuta zote arobaini, kwa wiki nzima. Hiyo si tamaa. Harusini mgeni wa heshima hutengewa safu nzima ya viti hata akija peke yake. Inaonekana mtambo wenu wa kupanga foleni haujawahi kualikwa popote.

2. Mwanafunzi wangu Jalia aliomba kompyuta moja, dakika kumi. Ombi la kinyonge kabisa. Akapita. Akaomba tena, akapita tena! Mnanieleza kwamba kazi ndogo hupenya kwenye nafasi ndogo. Hata panya hupenya, lakini hatumwiti mtafiti.

3. Niliongeza "Dkt. Haji" kwenye jina la kazi. Mtambo ukaikataa skripti nzima, eti jina la kazi haliruhusiwi kuwa na nafasi tupu katikati; ikabidi niirudishe bila cheo. Nimefika Makka, Bi Loice, halafu nafukuzwa na nafasi tupu!

4. Shemeji yangu Bashir aliuamini utabiri wangu, akahamisha mchele wake wote kutoka ghalani. Magunia yako sebuleni kwangu. Mke wangu Mariamu hasemi nami tena; anasema na magunia, nami nasikia.

Kwa hiyo naomba foleni ipangwe kwa cheo, kisha kwa umri. Wanafunzi waondolewe kabisa, wakahesabu kwa vidole. Mtambo ukikataa adabu, uzimwe, uwe unawashwa kwa ajili yangu tu.

Nisalimie Mzee Cleopas wa getini, ambaye hunipitisha bila kuniuliza neno, na wenye akili wote hapo kituoni, kama wamebaki.

Wako, niliyechoka kusubiri,
Dkt. Haji Swaibu Sulaimani

N.B. Nilipokuwa natia sahihi, wanafunzi walikwenda kula, kompyuta zote zikabaki wazi, na kazi yangu ikapita. Imechukua dakika nne. Matokeo yanasema ziwa litapungua. Naomba sana irudishwe kwenye foleni, nyuma ya kila mtu, hata nyuma ya Jalia, mpaka Jumamosi.