Najifunza Kuogopa Mizuka

Jumamosi, 3 Mei

Nimefukuzwa sebuleni. Mimi! Niliyeshona mapazia ya hiyo sebule kwa mkono wangu.

Kila Jumamosi saa nane mchana, jua linawaka, familia hii yenye akili timamu inaziba madirisha kwa mablanketi ili ipate giza la kuogopea. Wanaweka filamu za kutisha. Binti yangu, mume wake, na mjukuu wangu wa kwanza, mke mwenzangu wa utani, wanabanana kwenye kochi na bakuli la bisi. Na katikati yao, kajaa kama sufuria ya shughuli, anakaa bibi yake wa upande wa baba. Huyo mkwe mwenzangu mimi namwita Mama King'ora. Akipiga yowe, magari yanapisha.

Leo ilikuwa filamu ya mwanamke aliyefia kisimani. Akatoka, maji yanamchuruzika, akaingia nyumba ya watu na miguu ile ile. Sakafu imepigwa deki! Nikamwambia afute miguu. Ni kosa? Halafu msichana wa ile nyumba akashuka stoo na tochi inayozimazima. Nikamwambia abadilishe betri kwanza. Halafu mlango ukalia nyiiii. Nikauliza, nyumba kubwa yote hiyo, hakuna mwanaume wa kutia mafuta bawaba?

Mkwe wangu akaisimamisha filamu. Akasema kwa adabu, maana ananihofu, kwamba mama, mzuka hausikii. Nikamwambia hata yeye hasikii na bado namsemesha kila siku.

Nikapelekwa jikoni. Ndiyo sheria yao: anayeongea na televisheni akakae na vyombo. Nikiwa kule nikamsikia Mama King'ora anapiga yowe, na mke mwenzangu anacheka, anamkumbatia. Yeye!

Baadaye mtoto akaja kunibembeleza. Akasema bibi usinune, filamu ya kutisha haina raha ukikaa na mtu asiyeogopa. Raha yake mshtuke pamoja, mshikane, halafu mjicheke kwamba mmeogopa upuuzi. Akasema bibi yule mwingine anaogopa vizuri.

Anaogopa vizuri! Siku hizi uoga nao ni kazi ya kusifiwa!

Sasa sikiliza, daftari. Jumamosi ijayo ndiyo ya mwisho. Kesho yake mtoto anaenda chuo cha uuguzi, mbali, mpaka likizo simuoni. Naapa: siku hiyo atakayeshikwa mkono kwenye lile kochi ni mimi. Nitajifunza kuogopa. Shule niliacha darasa la nne, lakini jambo la kunishinda bado sijakutana nalo.

Jumatatu, 5 Mei

Uchunguzi. Huwezi kuiga kitu usichokijua.

Nilianzia kwa fundi cherehani. Nikamuuliza anapendea nini filamu za mizuka. Akaacha kushona, macho yakamng'aa. Yeye kipenzi chake ni ile ya familia iliyohamia nyumba yenye mtu ndani ya ukuta. Ameirudia mpaka anayajua maneno. Akasema ikiisha anafunga mlango, anachungulia chini ya kitanda, hamna kitu. Anachungulia kabatini, hamna kitu. Basi anapika chai, na chai hiyo ni tamu kuliko ya siku zote. Akasema hata mume wake akimtazama anamuona ana sura. Nikamwambia mume wake namjua, kwa hiyo hiyo filamu lazima inatisha kweli.

Nikaenda buchani. Muuza nyama ni pande la mtu, shingo hana, anapasua mifupa kama mtu anayemenya karanga. Kumbe naye! Yeye anampenda mwanasesere anayepepesa macho. Akasema akipepesa tu, yeye keshapanda juu ya kiti. Nikamuuliza haoni aibu. Akainama kwenye kaunta, akaninong'oneza kwamba mwanaume wa mwili ule hana mahali pa kupigia kelele. Dukani hawezi, nyumbani hawezi. Kwenye filamu anapiga mpaka koo linakauka, na hakuna anayemuuliza ana nini. Huwa anaangalia na mama yake mzazi. Mama anamshika mkono.

Nikampitia na yule kijana wa kibanda cha filamu. Nikamwambia nataka inayotisha kuliko zote. Akaniuliza kama nina presha. Nikamwambia presha ninayo, na ninawapa wengine.

Muhtasari wa uchunguzi: watu wote ni wendawazimu, na wote wanakaa na mtu wa kumshika. Mimi nataka hiyo sehemu ya kushikwa. Uwendawazimu nitaigiza.

Jumanne, 6 Mei

Mazoezi ya yowe. Nilijifungia bafuni, wenyewe wako kazini. Ili sauti isitoke nje nikavaa ndoo kichwani.

Wazo zuri sana. Sijui nani alinidanganya kwamba ndoo inapunguza sauti. Ndoo inakuza! Yowe la kwanza lilinizibua masikio. La pili lilikuwa bado linazunguka humo ndani nilipomsikia jirani yetu, fundi lipu, anaita nje kwamba mama vumilia nakuja. Kabla sijamjibu mlango ukaingia ndani pamoja naye.

Akanikuta nimevaa vizuri, nimekaa kwenye kigoda, na ndoo kichwani. Akauliza nimepatwa na nini. Nikamwambia naisikiliza ndoo kama inavuja. Akaondoka kinyumenyume.

Jioni mkwe wangu akauliza mlango wa bafu umevunjwa na nani. Nikamwambia ajabu, kwenye filamu zake milango inavunjika yenyewe kila Jumamosi na sijawahi kumsikia anauliza.

Alhamisi, 8 Mei

Ushindi! Nimemkamata Mama King'ora!

Nilikwenda kwake kumrudishia chekeche. Uongo, nilikwenda kupeleleza. Mlango uko wazi, nikaingia polepole. Televisheni inawaka. Kuna maiti inatambaa kwenye dari, damu inadondoka, muziki wa kukata ini. Na yeye? Anachambua mchele! Katulia, miwani puani, anatupa vijiwe. Maiti ikaanguka puu! Hata hakuinua kichwa. Alisikia hatua zangu, akasema tu, nipe ule ungo mwingine, ule mtupu.

Nikamwambia nimekuona, muongo mkubwa wewe, kumbe huogopi! Nilidhani atalia. Akacheka mpaka mchele ukamwagika. Akasema mkwe mwenzangu, nikiwa peke yangu nimpigie nani kelele? Maiti? Akasema yowe ni la kuwapa watoto sababu ya kukusogelea.

Tapeli! Na anasema hadharani!

Halafu akasema nikitaka atanifundisha. Nikakubali, kwa ajili ya kukusanya ushahidi. Akaniambia yowe halitoki kooni, linatoka chini ya kitovu, na mikono lazima iruke, mguu mmoja uinuke. Tukasimama mbele ya ile maiti, wazee wawili, tukaipigia mayowe. Yake yana mkia mrefu. Langu, akasema, ni la mtu aliyezidishiwa bei sokoni. Tukarudia. Tukabadilisha filamu, tukarudia tena. Kuna mahali nilirusha mguu, ndara ikaenda ikatua juu ya kabati, na sisi wote tukakaa chini, hatuwezi kuongea kwa kucheka. Bado iko kule. Nimerudi na yake moja.

Nilikaa mpaka jua likazama. Ushahidi ulikuwa mwingi.

Simsamehi.

Ijumaa, 9 Mei

Yowe langu bado lina walakini. Naliamuru litoke, linakuja likigomba. Kinachohitajika ni mshtuko wa kweli.

Nimepata! Barafu! Kipande cha barafu, mgongoni, ndani ya gauni, kwa wakati wake. Hakuna binadamu asiyepiga yowe hapo. Nitakiweka kwenye chupa ya chai, chini ya kochi, mtu akiona atajua bibi kaja na chai yake.

Kuhusu wakati wake nimemuuliza kijana wa kibanda. Akasema muziki ukinyamaza ghafla, bibi, kaa tayari, hapo ndipo kitu kinapotokea.

Nina akili nyingi. Nikijitazama kwenye kioo naona aibu kwa niaba ya wengine.

Jumamosi, 10 Mei

Naandika huku bado nacheka kwa furaha. Ngoja nianze mwanzo.

Niliruhusiwa kurudi kwa masharti: nisitoe neno. Filamu alichagua mke mwenzangu mwenyewe, kwa kuwa ni yake ya kuaga. Mablanketi madirishani. Mama King'ora kajitia ubavuni kwa mtoto upande wa kulia, mimi kushoto, chupa yangu chini ya miguu.

Mzuka wa leo ni bibi kizee aliyekufa, anarudi kuhangaisha nyumba yake. Unaona dharau? Vijana wanakufa kila siku, lakini wakitafuta wa kutisha wanamtafuta bibi. Nikayameza maneno.

Muziki ukanyamaza. Ghafla! Nikachomoa barafu, nikaitumbukiza.

Mama yangu!

Yowe lililonitoka sikulitengeneza mimi. Lilitoka huko chini ya kitovu na mkia wake. Shida ni kwamba kwenye filamu hapakuwa na kitu. Mwanaume ananyoa ndevu. Muziki ulinyamaza kwa sababu alizima redio! Lakini kwa yowe lile kila mtu akapiga la kwake. Mkwe wangu akarusha bakuli lote la bisi hewani. Binti yangu akamkalia mumewe. Na mjukuu wangu, roho yangu, akaruka, akashika shingo.

Ya Mama King'ora.

Nikakaa pale, mgongo unatiririka, kochi limelowa, bisi kwenye nywele. Nikajifunika khanga kichwani. Nikaapa kunyamaza mpaka mwisho. Nikanyamaza kweli. Mzuka ukapita kwenye ujia, kimya. Mzuka ukajionyesha kwenye kioo, kimya. Niliona mtoto ananichungulia. Mara ya kwanza akauliza bibi unaumwa? Nikatikisa kichwa. Akachungulia tena. Sebule nzima ilipoa, tunaangalia kama watu waliokaa benki wakisubiri kuitwa. Hata Mama King'ora alipiga yowe moja la kawaida tu, akanigusa na kiwiko, akanong'ona, mbona leo huusemi mzuka?

Nikavumilia.

Halafu yule bibi mfu akaingia jikoni. Akafungulia maji, bomba linamwagika, akaliacha hivyo hivyo. Nikang'ata khanga. Akafungua kabati. Akaanza kuvunja sahani! Moja. Nyingine. Seti nzima, yenye maua!

Nilisimama. Sikumbuki nilisimamaje. Nikamwambia wewe bibi, huna haya? Umekufa, umezikwa, umeliliwa, umerudi kuvunja vyombo vya walio hai? Ulivinunua wewe? Funga bomba! Na hizo nywele, umekosa mtu wa kukusuka huko ulikotoka? Wenzako wamelala makaburini wametulia, wewe unazurura na sanda chafu, unatuaibisha mabibi wote!

Na wallahi ule mzuka ukasimama. Ukageuka. Ukatoka jikoni.

Sebule ikalipuka. Binti yangu alianguka chini, anapiga zulia kwa ngumi. Mkwe wangu, yule yule mwenye sheria zake, akairudisha filamu nyuma akaniomba nimfukuze tena. Nikamfukuza tena. Mama King'ora kacheka mpaka miwani ikaingia kwenye bisi. Na mke mwenzangu akajilaza mapajani mwangu, machozi yanamtoka, akasema bibi endelea, usinyamaze, bibi endelea. Akanishika mkono. Mkono wangu, huu ninaoandikia! Akaushika mpaka majina ya mwisho yakapita, na mimi nikawasema hata wale wa kwenye majina, kwa kuacha bomba linamwagika.

Nimeshinda! Barafu imefanya kazi! Ilichelewa kidogo kuingia mwilini, lakini imefanya kazi. Waliona nimeogopa kiasi gani, wakanihurumia.

Jumapili, 11 Mei

Mtoto ameondoka asubuhi. Getini alinikumbatia wa kwanza. Mama King'ora wa pili, aandike na yeye kwake. Mtoto akasema huko chuoni wana ukumbi wenye televisheni kubwa, kila Jumamosi wanafunzi wanaangalia filamu za kutisha, lakini atakosa mtu wa kuwagombeza wafu. Masikini, alikuwa ananificha ukweli. Maana yake atakosa mtu anayeogopa vizuri. Nilimuelewa.

Mkwe wangu ameanika mito ya kochi juani. Amekataa kusema anadhani imelowa na nini. Na mimi sijamwambia.

Jumanne, 13 Mei

Nyumba imepoa mno. Nimeikemea redio, nimemkemea muuza maziwa, haisaidii.

Ila nimewaza. Hicho chuo kina zahanati yake, wanafunzi wanajifunzia kwa wagonjwa. Na mgonjwa analazwa wapi? Hapo hapo, mlango wa pili na ukumbi wa televisheni. Kilichobaki ni mimi kuugua, na kuugua siyo jambo la kumshinda mtu aliyekwisha kujifunza kuogopa! Nimeshinda asubuhi nzima najizoeza kukohoa. Mama King'ora amepita, akasikiliza, akasema kikohozi changu ni cha mtu anayebisha hodi. Akanionyesha cha kwake. Kina mkia mrefu. Anasema naye anajisikia homa, na tukalazwe pamoja. Aende zake! Nimemwambia aje kesho tufanye mazoezi, nimsome mbinu.

Binti yangu aliporudi kutoka kazini nimemwambia kifua kinanibana vibaya sana. Akashtuka, akaweka mkoba chini, akaniuliza mama, tangu lini?

Nikamwambia tangu Jumamosi ijayo.