Liwa Juu ya Nembo

Ijumaa, 4 Oktoba. Kumbakonam.
Mtambuzi wa baiskeli kuukuu, mtu wa kuthibitisha zilikotoka, anakuja Jumanne. Jirani yangu Thangarasu ndiye aliyemwalika. Eti akimaliza kwake apitie kwangu, "akione na kile chuma chakavu." Haya. Miaka yote alimcheka marehemu mke wangu, Kamalambal, kwa kusema baiskeli ya baba yake ilitoka Uingereza. "Dada, ilikuja kwa meli au kwa ndoto?" Jumanne atanyamaza. Nembo ya kiwanda iko shingoni mwa baiskeli, chini ya usukani. Tatizo: haionekani. Kila sikukuu ya zana, siku ya kubariki vifaa vya kazi, Kamalambal aliiosha baiskeli, akaipaka liwa na unga mwekundu, hapo hapo kwenye nembo. Liwa ya mwaka uliopita hakuwahi kuifuta. Sasa imekuwa saruji.

Jumamosi, 5.
Mafuta ya nazi, kipande cha shuka yangu ya dhoti, subira. Bisibisi marufuku! Shemeji Visalakshi, dada yake marehemu, aliyekuja msibani na hajaondoka, alipita na kahawa. Akauliza kama namkanda mgonjwa. Nikaendelea kusugua. Liwa inayobanduka naiweka kwenye kopo la biskuti. Bado inanukia. Ilibidi nikae kidogo.

Jumapili, 6.
Shaba! Ndege, na chini yake: Birmingham. Alisema kweli, mke wangu. Nikakimbia kumwita Thangarasu. Kaenda Tiruchi harusini, hadi Jumanne. Mtu asiyebanduka dirishani, leo hayupo!

Jumatatu, 7.
Nililala mchana. Kosa. Nimeamka, baiskeli imeoshwa, imevikwa shada la maua, nembo imezibwa kwa liwa nene. Sikukuu yenyewe ndiyo leo! Nilipiga kelele. Visalakshi akapiga zaidi. "Ulitaka ipite sikukuu uchi kama yatima, shemeji? Dada angenifufukia!" Ametumia kidole cha pete, kama marehemu. Alama ileile, imepinda kushoto. Nilikwenda kunywa maji.

Jumanne, 8.
Mtambuzi alikuja, Thangarasu nyuma yake. Akaomba nifute. Nikashika kitambaa. Liwa ilikuwa laini bado, ingetoka mara moja. Visalakshi alisimama mlangoni, anajifanya anachagua mchele. Nikasema haifutwi. Mtambuzi akaandika: asili haijulikani. Nikamwambia Thangarasu kwamba nembo nimeisoma kwa macho yangu. Alicheka hadi akashika ukuta. "Kaka, na nembo nayo ina haya?"

Jumatano, 9.
Nimechoka. Nimeachana na mashindano haya. Utoto mtupu. Kamalambal alijua ukweli, nami naujua, basi.
Baada ya chai Thangarasu kaniambia kutoka dirishani kwamba hata cherehani ya marehemu si ya Ulaya. Nimekwenda kuitazama. Nembo ipo. Imefunikwa na liwa, tabaka juu ya tabaka. Mafuta ya nazi yamebaki nusu chupa, na sikukuu ni hadi mwakani. Safari hii nitawahi!
Visalakshi amepita na kahawa. Ameuliza mgonjwa wa leo ni nani.