Koti la Meya wa Burrabina

Wakazi wote wa Burrabina, wageni wao na ng'ombe wao waliovuka uzio, walitangaziwa kwamba kuanzia Novemba kunyata ni marufuku.

Halmashauri haikukurupuka. Mwaka uliotangulia, siku ya mbio kubwa za farasi, mafundi wa barabara walichomoka mmoja mmoja wakaenda baa kutazama, wakaacha koleo limesimama ndani ya lami mbichi. Koleo lipo mpaka leo. Ndipo Meya Desmond Purcell akaunda kamati ya kuchunguza neno la Kiingereza "sneak", yaani kunyata, maana yake na matumizi yake sahihi. Kamati ikakaa miezi mitatu, chai na keki juu ya halmashauri.

Diwani Glenys Hocking alikuwemo, na alikubali kila kitu. Alikuwa akiiweka akiba sauti yake kwa jambo moja: Meya alitaka kulifukia bwawa la kuogelea apate maegesho ya magari. Glenys alikuwa amefundisha nusu ya mji kuogelea humo, na magoti yake hayakuwa na daktari mwingine ila maji yale.

Taarifa ikatoka. "Kunyata ni kuondoka kazini kwa hatua nyepesi bila kuaga, kunakofanywa na mtumishi wa ngazi ya chini. Matumizi sahihi: Kev amenyata. Matumizi potofu: Meya amenyata. Kiongozi hanyati. Kiongozi aliyeacha koti kitini yupo kikaoni kikamilifu, popote miguu yake ilipo."

"Na mimi nikiacha koti, Des?" Glenys aliuliza.

"Wewe huna koti, mama."

"Kwenye joto hili nani analo?"

"Kiongozi," alisema Meya, akajifuta jasho.

Ili kuwakomesha wanyataji, kikao cha bwawa kilipangwa siku ileile ya farasi, saa ileile. Kev, fundi wa barabara, aliitwa atengeneze feni ili aonekane.

Kikao kilipofunguliwa, Meya alitazama saa. Akavua koti, akalitundika kitini, akashika viatu mkononi, akaambaa na ukuta kwa ncha za vidole mpaka mlangoni. Kwa mujibu wa taarifa hapakuwa na cha kuona, kwa hiyo hakuna aliyeona.

Glenys moyo ulimdunda. Madiwani wengine wanne walikuwa watu wa msimamo: Meya akikohoa walipinga, akinyamaza waliafiki. Akasimama.

"Natoa hoja bwawa libaki. Anayepinga aseme."

Madiwani wakaligeukia koti. Koti halikukohoa.

"Mbona kanyamaza?" Diwani Merv Tuckwell alinong'ona.

"Amekubali," alijibu diwani wa kando yake. "Unataka kumbishia?"

"Mimi? Nina wazimu?"

Hoja ikapita. Pakabaki suala la nani atakuwa akiopoa vyura bwawani kila asubuhi, kwa kujitolea. Merv, aliyependa kujipendekeza, alilitaja koti. Likaungwa mkono. Halikukataa.

Meya alirudi kwa ncha za vidole vilevile. Farasi aliyemwekea dau, kwa habari zilizofika baadaye, alikuwa bado njiani.

"Tumefika wapi?"

"Tumemaliza," Glenys alisema. "Leo umetupa raha, Des. Umeliokoa bwawa, na vyura umewachukua wewe mwenyewe."

"Nimechukua nini? Mimi sikuwepo."

Juu ya ngazi, Kev aliacha feni.

"Hukuwepo, bosi?" aliuliza kwa adabu. "Ulitokaje?"

Meya alivitazama viatu mkononi mwake. Akamtazama Kev. Akavaa koti polepole, vifungo vyote.

"Nilikuwepo," alisema.

Kesho yake asubuhi Glenys alifika bwawani, magoti yakilalamika, furaha imemjaa kifuani. Kwenye uzio alikuta koti limetundikwa vizuri, na wavu umeegemezwa kando yake. Akalisalimia. Akaingia majini, akaogelea kwenda na kurudi, ndipo akapaza sauti kuelekea miti ya nyuma, ambako mtu alikuwa akiondoka viatu mkononi.

"Rudi, Des. Koti halijui kushika chura."