Dhamana ya Viroba Arobaini

Afisa hakuwahi kuwa afisa wa kitu chochote, labda wa usingizi. Cheo hicho alipewa na suti yake ya kijivu na mkoba wa ngozi, ambao ndani yake mlikuwa na kitana, mhuri wa kuchongesha na nusu mkate. Asubuhi hiyo alikuwa ameingia benki kupunga upepo wa bure, amekunja nne kama mwenye hisa.

Dirishani alisimama mwanamke mwenye mikono minene ya kuponda mawe. Wenzake walimwita Mama Nyundo, mwenyekiti wa kikundi cha wanawake wachimbaji wadogo wa dhahabu.

"Mwanangu, mwaka wa tatu huu nakuja," alimwambia karani. "Pampu tu. Maji yamejaa shimoni, hatuchimbi."

"Dhamana, mama. Una hati ya nyumba? Una gari?"

"Nina shimo."

"Shimo si dhamana, mama. Shimo ni shimo."

Afisa akatia kitana nywele zake, akamfuata nje.

"Shikamoo, mama. Mimi natoka Mfuko wa Kuinua Wachimbaji. Sisi dhamana yetu ni mchanga wenu wa dhahabu. Viroba arobaini, tunavitunza ghalani mpaka mmalize mkopo."

"Marahaba, baba," alisema Mama Nyundo, akimtazama kuanzia viatu kwenda juu. "Basi Mungu amekuleta."

Hesabu ya Afisa ilikuwa nyepesi: awape mkopo kidogo wa chambo, achukue viroba, aviuze kwenye kiwanda cha kuchenjua dhahabu, ayeyuke. Chambo alikipata kwa kuuza cherehani ya mkewe, aliyekuwa amekwenda kumuuguza mama yake. Angerudi Jumamosi. Kabla ya hapo cherehani ilitakiwa iwe imekaa palepale dirishani nyumbani, maana mwanamke yule alijua kukata hata bila mkasi.

Jumatano Afisa alikwenda kukagua. Kwenye banda la kupondea mawe aliinama kama daktari, akachota mchanga kwa vidole viwili, akaunusa huku amefumba macho.

"Ipo," alinong'ona. "Naisikia harufu yake."

Kinamama wakatazamana. Mmoja alishikwa na kikohozi cha ghafla, ikabidi atoke nje. Dhahabu wamechimba miaka ishirini, wameiosha kwenye karai, wameipima, wameiota ndotoni. Kuinusa ndiyo mara ya kwanza kusikia.

"Pua ya kisomi hiyo," alisema Mama Nyundo taratibu. "Njoo Ijumaa na lori lako, baba. Mzigo utakuwa tayari."

Ijumaa viroba vilikuwa vimepangwa nyuma ya banda, karibu na jalala. Kinamama walivaa glavu na mabuti, na kila mmoja alikuwa amejifunga kitambaa puani.

"Mbona hivyo, mama zangu?"

"Vumbi la dhahabu, baba. Likikuingia puani ni hasara ya kikundi."

Afisa, mtu mwadilifu kwa mali aliyoinuia kuiiba, akabana pumzi. Wapakiaji waliinua kiroba cha kwanza wakaguna. Uzito huo! Moyo wake ukacheza ngoma.

Mama Nyundo aliusoma mkataba alioletewa na Afisa kwa kidole, neno kwa neno.

"'Viroba arobaini vya mchanga uliochimbwa na wanakikundi kwa mikono yao.' Sawa. 'Vikishapokelewa havirudishwi.' Hiyo nayo umeandika wewe?"

"Ndiyo utaratibu, mama."

"'Mkopo hauna riba, utalipwa kwa miezi ishirini na minne.'"

"Mfuko wetu una huruma."

"Basi tia sahihi, mwanangu. Na mhuri. Gonga mara mbili." Afisa akagonga, akamhesabia fedha za pampu, akapanda lori.

Kiwandani mpimaji alichukua mchanga kidogo, akaingia ndani. Alipotoka alikuwa amevaa glavu.

"Mzee, huu umechimba mgodi gani?"

"Mgodi wa kikundi. Tajiri sana."

"Huu ni udongo wa jalalani, palipochomwa betri kuukuu. Madini ya risasi yamejaa, zebaki ipo. Sumu tupu. Dhahabu hakuna hata ya kuzibia jino."

"Basi niurudishe nilikoutoa."

"Haurudi barabarani. Tunalo shimo la zege la taka za sumu. Mwenye mzigo analipia kila kiroba. Mwenye mzigo si wewe?"

Jina lake lilikuwa kwenye karatasi, na mhuri mara mbili. Kulipia viroba, saa ya mkononi ikaenda, simu ikaenda, na mkoba wa ngozi ukaenda na mkate wake.

Alirudi kwa miguu, jasho likimtiririka. Bandani pampu mpya ilikuwa inakohoa na kutapika maji ya shimoni. Nyuma, pale palipokuwa na jalala, paliachwa shimo safi.

"Mmenitapeli!" alifoka.

"Tumekutapeli nini, baba? Tumechimba kwa mikono, angalia malengelenge. Kona ile watoto wetu walikuwa wanachezea, wanaumwa matumbo. Miaka miwili tunaomba iondolewe, tunaambiwa lori hakuna. Wewe umekuja na lori."

"Nakwenda polisi!"

"Ngoja nivae viatu tuongozane. Wakatuonyeshe ofisi ya mfuko wako ilipo."

Afisa akakaa juu ya jiwe. "Cherehani ya mke wangu..."

"Usilie. Tutakulipa kila mwisho wa mwezi kama ulivyoandika. Sisi si matapeli."

Jumamosi mkewe alikuta dirisha tupu. Alisikiliza habari yote bila kupepesa, akauomba mkataba, akaenda bandani peke yake. Alirudi jioni, mbavu zikimuuma kwa kicheko, na neno moja tu: fedha za kila mwezi angepokea yeye.

Mwezi wa sita wa malipo cherehani ilirudi dirishani. Kinamama hawakukosa hata mwezi mmoja, na sifa za mkopo huo zikasambaa kwenye mashimo mengine. Asubuhi moja hodi ikabishwa mlangoni. Nje walisimama wachimbaji wanane wenye matope hadi magotini.

"Ndipo hapa kwa yule mkopeshaji asiyetaka riba?"

Afisa aliposikia aliingia uvunguni. Mkewe akafungua mlango wazi.

"Karibuni ndani, ndugu zangu. Afisa yuko uvunguni. Mkurugenzi ni mimi."