Uhasama wa Kukodi

Fasaha alipomkuta mkurugenzi wa kituo cha televisheni akitafuna karanga peke yake mbele ya skrini sita, alijua riziki imemwita. Mpira wa kikapu ulikuwa hautazamwi tena. Tangu nyota wawili waliokuwa hawapikiki chungu kimoja wastaafu, mwenye magodoro na mwenye sabuni walikuwa wameondoa matangazo yao.

"Bosi, watu hawatazami kikapu," Fasaha alisema, akivuta kiti bila kukaribishwa. "Wanatazama nani anamchukia nani. Nipe mwezi mmoja nikutafutie ugomvi."

Mkurugenzi, mtu ambaye angeuza hata usingizi wa mama yake kama ungepata mdhamini, alimwahidi fungu la mapato ya matangazo.

Fasaha akawachukua Mlingoti na Tingatinga, wachezaji wa timu pinzani. Kwamba Tingatinga amemuoa dada yake Mlingoti, na kwamba wote wanaishi nyumba moja na kusubiriana bafuni, hayo hayakumhusu mtazamaji. Aliwaandikia matusi, wakayakariri. Mlingoti akasema redioni kuwa Tingatinga anarusha mpira kama anayefukuza kuku. Tingatinga akajibu kwamba urefu wa mwenzake umeishia shingoni, kichwani haukufika. Wiki ya tatu, mabaa yaliongeza viti, saluni zikafunga mapema, na ndoa moja ikavunjika kwa sababu ya rangi ya fulana. Mwenye magodoro alirudi kituoni mbio na kulipia fainali nzima.

Asubuhi ya fainali, Fasaha alikwenda kuwapa watu wake maneno ya mwisho. Alimkuta mke wa Tingatinga kwenye cherehani, akipinda suruali.

"Karibu, shemeji," alisema bila kuinua macho. "Hawa wamechoka kuchukiana. Leo wanataka kukumbatiana, katikati ya uwanja."

Fasaha alisogea hadi kwenye cherehani. "Dada yangu, wakikumbatiana tumekwisha."

"Umekwisha wewe. Sisi tutakula kama kawaida."

"Unataka nini?"

"Fungu lako. Lote. Ukitoa, watachukiana mpaka kipenga cha mwisho."

Alitoa. Moyo ulimuuma, lakini msimu ujao alikuwa ameshauuza kwa siri kwa wadhamini watatu, kila mmoja akidhani ni wake peke yake.

Alitazama fainali baa, amebanwa kati ya mashabiki. Wale wawili walisukumana, walitukanana, walioneshana vidole. Kipenga cha mwisho kikalia. Ndipo wakatembea hadi katikati ya uwanja, wakakumbatiana.

Baa nzima ililia. Fundi saa mmoja mnene, asiyemjua kabisa, alimzungushia Fasaha mkono shingoni na kumlilia begani.

Kwenye skrini, mke wa Tingatinga alishika maikrofoni. "Huyu ni mume wangu, na huyu ni kaka yangu. Kuna mtu aliwagombanisha kwa faida yake. Msimu ujao, kila Jumamosi, tutawasimulia alivyofanya."

Simu ya Fasaha ililia. Mkurugenzi alikuwa akihema kwa furaha. "Watazamaji hawajawahi kufika idadi hii. Yule mama ana akili, tumetia saini tangu Jumatano. Anasema nchi inahitaji mtu mmoja wa kuchukiwa na wote."

"Nani?"

"Tazama skrini."

Picha ilikuwa kubwa, ya kutoka kitambulisho chake cha kituoni, akitabasamu. Vilio baa vilikoma. Kichwa kimoja kiligeuka, halafu vyote.

Mkono wa fundi saa haukuondoka shingoni mwake. Ulikaza.