Daktari Aliyekataa Kumchoma Bosi Sindano

Kwa Ndugu Mwinshehe,
Mwenyekiti wa Mtaa wetu,
Tegeta.

Ndugu Mwenyekiti,

YAHUSU: DAKTARI WA MIFUGO ASIYETAKA KUTIBU

Natumaini mgongo wako umepata nafuu na kwamba unaisoma barua hii ukiwa umekaa. Mimi ni Atuganile, mke wa Erasmus wa geti la bluu. Mbwa wetu Bosi hajatimiza mwaka, lakini ndiye mlinzi wetu. Masika yalipoanza aliota chunjua mdomoni, kwanza moja, kisha midomo yote na ulimi, kama koliflawa. Nikampeleka kwa Daktari Wilbert. Malalamiko yangu ni haya:

1. Daktari alimfunua Bosi mdomo, akatazama, akaufunga. Akasema, "Mama, hiki ni kirusi cha mbwa, huwapata sana wakiwa wadogo. Anakula?" Nikajibu anakula. "Basi tusubiri. Miezi miwili mitatu zitaanguka zenyewe." Ndugu Mwenyekiti, mtu kasoma chuo kikuu aje kutufundisha kusubiri? Kusubiri tunajua. Tunakaa Tegeta.

2. Niliomba sindano, akakataa. Niliomba hata ya maji, tusirudi nyumbani kama watu waliokwenda kutembea. Akakataa.

3. Anazuia ujirani mwema. Bi Najma aliniletea utomvu wa mpapai. Kasiani, fundi wa kuchomelea, alileta maji ya betri na kuahidi kupaka taratibu. Daktari aliposikia alikuja mwenyewe kwa miguu, jua la saa saba, akasema, "Mama, utamuunguza mdomo ashindwe kula. Hapo ndipo utakuwa na mgonjwa." Kama yeye hana dawa, wivu wa nini?

4. Erasmus aliogopa kuambukizwa, akahamia sebuleni. Sikulalamika, nililala vizuri. Daktari akamwambia kwamba chunjua hizi haziwapati watu, huwapata mbwa wenzake tu, kwa hiyo Bosi asitoke nje na awe na bakuli lake. Erasmus amerudi chumbani na mikoromo yake yote.

5. Jumamosi washenga wanakuja kumposa binti yangu Subilaga, na watapokelewa na mdomo ule. Nilishauri Bosi apelekwe kwa shangazi wa Subilaga, Chang'ombe. Subilaga alilia, akasema, "Bosi asipokuwepo, na washenga wasije." Ni wazi kwamba Daktari Wilbert anavunja ndoa ambayo haijafungwa.

Kwa hiyo naomba mtaa upige marufuku mgonjwa kupona bila kutibiwa, na Wilbert ahamishwe. Tuletewe daktari anayechoma kwanza, maswali baadaye.

Msalimie mama watoto, wajumbe wote, na yule mmoja asiyeitikia salamu zangu.

Ni mimi, mkazi mwenzako mwenye uchungu,
Atuganile

Tanbihi: Barua hii ilichelewa kwa sababu nilikuta ofisi yako imefungwa. Washenga wamekuja na kuondoka. Asubuhi ya siku waliyokuja, Subilaga alikuwa akimpa Bosi uji, akaniita nikaone: midomo safi, ulimi safi. Posa imekubaliwa. Tafadhali Wilbert asihamishwe. Akipita ofisini mwambie afike kwangu. Erasmus ana jipu shingoni na hataki kuonwa na daktari mwingine.