Boti Haiendi Mpaka Shangazi Akae

Leo nimepatikana, tena mbele ya wakwe.

Kwa msiojua, mimi naendesha boti ya bosi mmoja pale Liuli, ziwani. Si boti ya kawaida. Haina pangaboi linaloning'inia nyuma. Ina pampu tumboni, inayovuta maji kwa chini na kuyarusha nyuma kwa nguvu, na boti inaruka mbele kama imetukanwa. (Maelezo haya nimewapa watu wengi, wakiwemo ambao hawakuniuliza.)

Mchumba wangu Oresta ni Mmatengo wa Mkumbi, kule juu milimani kwenye kahawa. Leo asubuhi alishuka Liuli pamoja na baba yake na shangazi yake, waje waone kwetu Ngumbo kabla hawajasema ndiyo au hapana. Barabara ipo. Ningeweza kutafuta gari kama watu wenye akili. Lakini nilitaka wanione kwenye usukani, nimevaa suti. Bosi akaniazima boti.

"Shikamoo baba. Shikamoo shangazi."

"Marahaba," akajibu baba mkwe, huku akilitazama ziwa kama anavyotazamwa mbwa wa jirani. Ni mzee mwembamba wa milimani, hajawahi kupanda chombo cha majini. Shangazi Editha, mama mwenye mwili na sauti, akapita moja kwa moja hadi mbele kabisa. "Nikae hapa nione ninakopelekwa," akasema.

Nikawasha. Tulipofika kwenye kina nikaongeza mafuta. Injini ikanguruma mpaka watu wa ufukweni wakageuka. Boti yenyewe ikawa inatambaa. Chini yetu kukatoka mlio kama mtu anatikisa kokoto ndani ya debe.

Mvuvi mmoja akatupita kwa mtumbwi, anapiga kasia taratibu. Akatusalimia vizuri, akauliza kama tunataka kuvutwa. Nikamwambia tunapasha injini.

"Kuna shida gani?" baba mkwe akauliza.

"Ni kavitesheni, baba," nikasema kwa sauti ya mtaalamu. "Pampu ikikosa maji ya kutosha, shinikizo linashuka, basi maji yanachemka humo ndani."

Mzee akachovya kidole ziwani. "Mbona ya baridi?"

"Yanachemka bila moto, baba."

Akamtazama binti yake. Oresta akatazama upande wa Malawi.

Nikazima injini. Nyuma ya boti kuna kisanduku chenye mfuniko wa kukagulia pampu. Ulikuwa umeng'ang'ania, nikaubandua kwa bisibisi, nikainama na kuingiza mkono hadi begani. (Kwa muda mrefu kidogo wakwe zangu hawakuwa na kitu kingine cha kutazama isipokuwa makalio yangu.) Nikatoa majani, nikatoa kipande cha wavu uliooza. Nikauinua juu wauone. Oresta peke yake ndiye aliyepiga makofi.

Wakati narudisha mfuniko nikagundua kwamba ule mpira wa kuzuia hewa nimeuchana kwa bisibisi. Nikajiambia ni mpira tu, utafanya nini. Nikafunga.

Nikawasha tena. Kokoto zimeisha. Sasa pampu inafyonza kama mzee anayekunywa chai ya moto, na boti bado haiendi.

Nikakumbuka kwamba boti ikilemewa mbele, tumbo la nyuma linanyanyuka na pampu inavuta hewa. Nikatazama mbele. Mbele alikuwepo Shangazi Editha.

Nilitafuta maneno kwa adabu zote nilizolelewa nazo. "Shangazi, naomba uhamie nyuma. Huku kuna kivuli."

"Kivuli kiko wapi?"

Hakikuwepo. "Shangazi, ni mambo ya mizani tu."

"Mizani," akasema, bila kuuliza, na akaja. Alipita kila mtu akimkanyaga kidogo, akaketi juu ya kile kisanduku chenye mfuniko. Nikaongeza mafuta. Boti ikachomoka. Kofia ya baba mkwe ikaenda na maji.

"Mmeona?" nikapaza sauti. "Ni suala la uzito."

Shangazi akasimama. "Uzito wa nani?"

Boti ikafa pale pale. Injini inalia, sisi tumeganda. Akakaa ili anigombeze vizuri. Boti ikachomoka. Akasimama kwa hasira zaidi. Boti ikafa. Hapo ndipo nikaelewa. Uzito haukuhusika. Mpira umechanika, pampu inavuta hewa kupitia mfunikoni, na Shangazi anapokaa anaziba.

Baba mkwe, mtu muungwana, akasema atakaa yeye. Akakaa. Boti ikakohoa, ikakataa. Mzee hana nyama za kuziba kitu. Oresta naye akajaribu, tukasogea kidogo tu.

Shangazi alikuwa ananitazama. "Kwa hiyo mimi ndiye mfuniko."

"Hapana, shangazi."

"Ila nini?"

"Mfuniko upo," nikasema. (Sijui kwa nini niliendelea.) "Wewe ni ule mpira wake."

Baba mkwe akaanza kukohoa, akageukia ziwani, akakohoa muda mrefu mabega yakitetemeka. Shangazi akarudi kwenye mfuniko, akaketi. Tukaenda. Baada ya muda akasema, akitazama mbele, "Kuna kitu kinanivuta gauni."

"Ni pampu, shangazi. Inashukuru."

Tulipoikaribia Ngumbo niliwaona mama yangu na majirani wamejipanga ufukweni na vitenge vyao. Nikamgeukia Shangazi na kumweleza ukweli wote. Boti hii haina breki wala usukani bila nguvu ya maji. Pampu ikikosa maji, tunakwenda kokote boti ilikokuwa imeelekea. "Kwa hiyo nakuomba usisimame mpaka niseme."

"Nimekusikia, mkwe."

Ilikuwa mara ya kwanza leo kuniita mkwe. Nikatabasamu, nikalenga mchanga, nikajiandaa kupunguza. Mama yangu akapiga kigelegele.

Sasa nyie niambieni. Mama wa Kimatengo aliyepokelewa kwa kigelegele atajibuje amekaa? Shangazi akasimama, kitambaa mkononi, akajibu kwa pumzi zake zote.

Nikazungusha usukani kulia. Boti haikuwa na habari. Nikashusha kifaa cha kurudisha nyuma, pampu ikapuliza hewa. Tukapanda ufukwe kwa tumbo, watu wakatawanyika, na tukaingia katikati ya vichanja ambako majirani walikuwa wameanika usipa, wale dagaa wa ziwa letu. Kichanja cha kwanza kikalala. Cha pili kikatua juu yetu.

Nikazima injini. Usipa walikuwa kwenye suti, kwenye kola, ndani ya sikio langu moja. Baba mkwe alikuwa na mmoja mdomoni, akawa anamtafuna taratibu, nadhani kwa mshtuko. Hakuna aliyeumia. Shangazi alikuwa ameketi juu ya lundo, na heshima zake zote, akamalizia kigelegele alichokuwa amekianza.

Mama yangu akasogea. Akatutazama mmoja mmoja, akakunja mikono.

"Karibuni sana," akasema.

Mazungumzo yamefanyika mchana. Shangazi amesimulia kila kitu mbele ya ukoo wangu, pamoja na neno lile la mpira, na ameigiza mlio wa pampu. Wajomba zangu wamelia machozi. Mwishoni baba mkwe akamuuliza Oresta kama bado ananitaka. Oresta alifikiri kwa muda ambao haukunipendeza, halafu akasema ndiyo.

Nimekubaliwa, ila kwa sharti moja ambalo Shangazi ametaka litamkwe mbele ya mashahidi: siku ya harusi nisiendeshe chochote, hata toroli.